Figo iliyopandikizwa huhitaji dawa kila siku

Mhariri,

Habari za upandikizaji wa figo huishia pale mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, ilhali hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Chembe nyeupe za damu hukitambua kiungo kipya kuwa kigeni na kukishambulia jinsi zinavyoshambulia vijidudu. Ndiyo maana upandikizaji uliofanikiwa Boston mwaka 1954 ulihusu pacha wanaofanana, ambao miili yao haikuwa na sababu ya kukataana. Wengine, isipokuwa wachache mno, humeza dawa za kupunguza kinga kila siku, kwa saa zilezile, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Naomba sana gazeti lako liandike kuhusu dawa hizo, kwani anayeziacha kwa kujiona mzima anaweza kuipoteza figo bila kuhisi maumivu yoyote.

Msomaji wako