Barua kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa mradi wa kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba unasoma upangaji na udhibiti wa miradi kabla kazi haijaanza. Nina ombi moja: usikimbilie programu ya kompyuta. Itakuchorea ratiba ya kupendeza hata kama mpango wenyewe ni mbovu. Anza na karatasi, penseli na kifutio.

Andika kwanza ni kitu gani hasa kitakabidhiwa mwishoni, kisha ukivunje vipande hadi kila kipande kiwe na mtu mmoja wa kukijibia. Hapo usikawie sana. Uzito uko kwenye swali linalofuata: kipi hakiwezi kuanza mpaka kipi kiishe?

Chukua jengo dogo. Msingi siku 6, kuta siku 10, paa siku 5, kufunga milango na madirisha siku 2. Jumla siku 23. Fundi anayetengeneza hiyo milango na madirisha anahitaji siku 12, naye anaweza kuanza siku ya kwanza kabisa. Vitu vyake havihitajiki mpaka siku ya 21 iishe, kwa hiyo ana siku 9 za ziada. Akichelewa siku 4, tarehe ya mwisho haiguswi. Kuta zikichelewa siku moja tu, mradi mzima umechelewa siku moja. Mlolongo huo wa msingi, kuta, paa na ufungaji ndio njia muhimu. James Kelley na Morgan Walker waliitengenezea hesabu yake mwaka 1957 kwa ajili ya kampuni ya kemikali ya DuPont, na hadi leo sijaona chombo kinachomsaidia msimamizi mpya kuliko hicho. Kinakuonyesha pa kukaza macho na pa kuwaacha watu wafanye kazi yao kwa utulivu.

Anayedharau utegemezi huo hulipa. Ujenzi wa Sydney Opera House, jumba la maonyesho huko Australia, ulianza mwaka 1959 huku usanifu wa paa haujakamilika. Baadaye nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana haziwezi kulibeba paa hilo, ikabidi zifanyiwe kazi upya. Makadirio ya awali yalikuwa dola za Australia milioni 7. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo ya kuanza chini kabla ya kujua juu kutakuwa na nini inaniuma kila nikiisoma.

Sasa udhibiti, ambao wanafunzi wengi huupitia juujuu. Utaulizwa, “Tumefika wapi?” Usijibu kwa kutaja pesa zilizotumika. Tuseme bajeti nzima ni 100, na kufikia leo ulipanga uwe umefanya kazi ya thamani ya 50. Umetumia 50. Ukiangalia matumizi peke yake utadhani mambo ni shwari. Lakini kagua kilichokamilika: kina thamani ya 40. Gawanya 40 hiyo kwa 50 uliyotumia, unapata 0.8. Gawanya 100 kwa 0.8: mwendo usipobadilika, mradi utakula 125. Na umegundua ungali katikati, wakati bado unaweza kupunguza mawanda (yaani kiasi cha kazi), kuongeza watu au kuomba fedha ukiwa na hesabu mkononi.

Hesabu hiyo inategemea ripoti za kweli, na hapo ndipo pagumu. Kazi ikishafika “asilimia 90” inaweza kukaa hapo wiki nzima. Mimi napendelea vipande vifupi vyenye majibu mawili tu: kimekwisha, au hakijaisha. Kisichoisha nakihesabu sifuri. Watu hulalamika mwanzoni, lakini ripoti zinanyooka. Naye anayekuletea habari ya kuchelewa mapema mshukuru mbele ya wenzake. Ukimkaripia, hutaletewa tena.

Chora mlolongo wa shughuli zako unitumie. Tuupitie pamoja kabla hujamwahidi yeyote tarehe.

Wako,
Kaka yako