Marudio si marudiano: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Ile habari uliyonitumia niipitie nimeisoma mara mbili. Umeandika kwamba bondia aliyepigwa anadai "pambano la marudio". Hapo nilikwama. Neno ulilokuwa unalitafuta ni marudiano, na wewe unayetaka kuandika michezo inakupasa ulijue vizuri.

Anza na kitenzi: kurudi, kurudia, kurudiana. Hiyo "-ana" ya mwisho ndiyo inayoleta watu wawili, kama katika kupigana au kudaiana. Kipindi cha redio kina marudio, kwa kuwa hakishindani na mtu. Marudiano yanataka wawili waliokwisha kukutana, tena yanataka matokeo ya kwanza yabaki palepale.

Mtazame bondia Joe Louis. Mwaka 1936 bondia Max Schmeling alimwangusha kwa KO (akashindwa kuinuka kabla ya kuhesabiwa kumi) raundi ya 12. Tarehe 22 Juni 1938 wakarudiana ulingo ukiwa palepale pa mwanzo, uwanja wa Yankee Stadium, na Louis akammaliza raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde 4 tu. Kipigo cha 1936 hakikufutika. Kimo kwenye rekodi yake hadi leo. Palikuwa na deni, likalipwa.

Sasa linganisha na Arsenal na Sheffield United, Kombe la FA, Februari 1999. Mpira ulitolewa nje ili majeruhi atibiwe. Arsenal wakaurusha kwa nia ya kuurudisha kwa wenzao, Kanu wa Arsenal akaunasa njiani, mwenzake Overmars akafunga, ikawa 2-1. Wenger mwenyewe, kocha wa Arsenal, akataka mechi ichezwe upya. Matokeo yakafutwa, wakacheza, ikaisha 2-1 tena! Hayo ndiyo marudio: mechi ya kwanza imehesabiwa kama haikuwapo. Ndiyo maana Kenya mwaka 2017, mahakama ilipobatilisha kura ya urais, tulisema uchaguzi wa marudio.

Mechi za nyumbani na ugenini ni rahisi: mkondo wa pili ni marudiano, maana mabao ya mechi ya kwanza yanabebwa na kujumlishwa na ya pili.

Na upatanisho nao uuangalie. Mchezo wa marudiano utachezwa, mechi ya marudiano itachezwa, lakini neno likisimama peke yake, marudiano yatachezwa. Umeandika "marudiano itachezwa" mahali pawili. Rekebisha hapo, na yule bondia mpe pambano lake la marudiano, kisha nitumie tena niisome.

Kakako