Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa: makaratasi ya wamisionari wa Ribe yapokewe yakiwa mazima

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Nyaraka za Taifa na Huduma za Hati,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MAKARATASI YA FAMILIA ZA WAMISIONARI WA KIMETHODISTI

Familia za wamisionari wa Kimethodisti waliohudumu Ribe, Jomvu na Golbanti huku Pwani, na baadaye Meru, bado zimeweka masanduku ya barua, shajara, madaftari ya hesabu na picha huko Uingereza. Mzee mwenye nyumba anapofariki, nyumba huuzwa na sanduku hutafutiwa pa kwenda. Ombi letu ni moja: linapotolewa kwa Kenya, liwe lenyewe au nakala zake, lipokewe zima, kwa hati iliyoandikwa sawasawa, na orodha yake iwataje kwa majina Waafrika waliomo ndani.

Kumbukumbu rasmi za misheni ya Kimethodisti zimehifadhiwa SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika huko London, na watafiti wanazifahamu. Lakini ripoti ni yale ambayo mmisionari alitaka kamati yake isome. Mmisionari Thomas Wakefield alifika Mombasa mwaka 1862 kwa mpango wa Krapf, mmisionari Mjerumani aliyemtangulia Pwani, na Charles New akamfuata mwaka 1863. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society lilichapisha njia za misafara kutoka Pwani hadi bara kwa jina la Wakefield. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, Udigo. Mwaka 1871 New aliifikia theluji ya Kilimanjaro, na aliyefika hapo pamoja naye alikuwa Tofiki. Wawili hawa tunawajua kwa sababu majina yao yalichapishwa. Wenzao wengi, kama waliandikwa popote, wamo katika shajara na madaftari ya matumizi: nani alilipwa, doti (vipande) ngapi za merikani, kitambaa cha pamba kilichotumika kama fedha, kwa kubeba nini. Ndiyo maana tunasema daftari la hesabu lisitupwe hata likiwa limeliwa pembeni.

Vivyo hivyo barua za wanawake. Rebecca Wakefield alifariki Ribe mwaka 1873, na kaka yake akachapisha kitabu cha maisha yake. Kitabu cha kumwenzi marehemu huchagua na kukata. Asili ya barua ina thamani hata pale nakala iliyochapishwa ipo, na afisa asiikatae kwa hoja kwamba “hii tunayo”.

Hatari ya kwanza ni mgawanyo. Barua za mume hupelekwa chuo kikuu, picha huuzwa moja moja mnadani, stempu hukatwa na wakusanyaji. Stempu ikikatwa, muhuri wa posta huondoka nayo, na kwa barua iliyoandikwa “Jumanne asubuhi” tu, muhuri huo ndio unaotupa mwaka. Kwa hiyo bahasha ibaki na barua yake. Familia ielezwe mapema isipange chochote upya: wapige picha sanduku likiwa limefunguliwa, tabaka kwa tabaka, kisha kila furushi lipewe namba kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Ujuzi wa nani aliweka nini pamoja na nini ukishapotea haurudi.

Likishafika, lisiingizwe moja kwa moja stoo. Litengwe kwenye chumba cha peke yake na kukaguliwa kama lina wadudu au kuvu. Karatasi zenye wadudu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, zikagandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, kisha mfuko uachwe siku nzima kabla ya kufunguliwa ili umande usitue kwenye karatasi. Picha za kioo, yaani negativu zilizopigwa juu ya vioo, zisigandishwe hata kidogo. Hizo husimamishwa kwa ubavu mrefu, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi, ndani ya kisanduku kidogo; zikilazwa, za juu huzivunja za chini. Filamu za kabla ya 1951 zichunguzwe peke yake, kwa kuwa baadhi ni za naitreti na zinawaka kwa urahisi mno.

Pini na vibanio vyenye kutu visivutwe. Pitisha kipande chembamba cha plastiki chini ya pini, kingine juu, ndipo uilegeze pole pole. Utepe wa gundi usitumike kabisa: baada ya miaka michache gundi huwa ya manjano, hupenya karatasi na kula maandishi.

Kama nyaraka hizi zitawekwa katika kituo chenu cha Mombasa, jambo kubwa ni unyevu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na Pwani hupita hapo kwa urahisi. Kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa jioni ofisi ikifungwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kila usiku hewa ya joto yenye maji hurudi na kutua juu ya vitu vilivyopoa. Wino wa zamani wenye chuma, uliotumika sana katika karne ya 19, ukipata unyevu hula karatasi hadi maneno yanadondoka na kuacha matundu. Ama mitambo iende mchana na usiku ikiwa na jenereta, ama asili zikae Nairobi na Mombasa ipate nakala. Sisi tunaona la pili ndilo la uhakika kwa sasa.

Nakala zipigwe kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, katika faili za TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Ukurasa wa A4 utachukua takriban megabaiti 46, kwa hiyo kurasa 10,000 zinahitaji karibu gigabaiti 460, mara tatu kwa ajili ya akiba. Zamani watu walibana gharama ya posta kwa kujaza ukurasa, kuugeuza na kuandika tena juu yake kwa kukingama. Ukurasa huo upigwe mara mbili, mara moja kwa kila mwelekeo. Barua nyembamba za ndege za miaka ya 1950 ziwekewe karatasi nyeusi nyuma, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatapenya.

Sasa hati ya hiba. Anayetoa karatasi si lazima awe mwenye hakimiliki, kwani hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika na warithi wake, wala si ya aliyeipokea. Nchini Uingereza, maandishi mengi ya watu waliofariki kabla ya 1969 ambayo hayajawahi kuchapishwa yatabaki na hakimiliki hadi mwisho wa 2039, hata mwandishi awe alikufa karne ya 19. Hati iseme waziwazi ni haki zipi zinatolewa, barua zipi ni za mikono ya watu wengine, na zipi zifungwe mpaka lini. Barua za madaktari na walimu wa Meru za karne iliyopita huweza kutaja magonjwa na mashtaka ya watu ambao bado wako hai, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu.

Mwisho ni faharasa. Kila jina la mtu na mahali liingizwe kama lilivyoandikwa, na pembeni kama linavyoandikwa leo: anayetafuta Mijikenda apelekwe pia kwenye “Wanika”, anayetafuta Waorma apelekwe kwenye “Galla”. Pasipo hilo, kijana wa Golbanti atatafuta watu wake na kuambiwa hawamo. Orodha ya majina ichapishwe na kupelekwa Ribe, Jomvu na Golbanti ili wazee waisome kabla ya katalogi kufungwa, maana koo na vijiji wanavijua wao.

Tunaomba hati ya mfano ya hiba na maelekezo ya kufunga sanduku viwekwe kwenye tovuti ya idara, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili familia yenye sanduku ijue pa kuandika kabla ya kumwita dalali.

Wako katika utumishi,
Watunza nyaraka na wasomaji wa historia ya makanisa ya Pwani