Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu walimu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: semina ya majaribio ya fizikia imefanyika, mtihani wa ujirani mwema (wa pamoja kwa shule jirani) wa kidato cha pili umetungwa na kusahihishwa, na wenzetu waliostaafu wameagwa kwa heshima. Sitazirefusha.

Naingia kwenye jambo lililozua maneno: uamuzi wa kamati tendaji kununua seti nne za kusambazia masomo ya video badala ya projekta. Kila seti (kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4, chaji yake, kadi ya kumbukumbu ya GB 64, rauta na pawabenki) imegharimu Sh 430,000, jumla Sh 1,720,000. Baadhi yenu mmesema fedha zimepotea, kwamba projekta ingetazamwa na darasa zima kwa mkupuo. Nililikataa hilo kwenye kamati na nalikataa tena hapa. Ukiwasha projekta ndani ya kipindi, mwanafunzi bado amekaa anasikiliza. Aliyebadilika ni msemaji tu. Sisi tunataka maelezo yatoke kwenye kipindi, mazoezi yaingie: mwanafunzi atazame maelezo kwenye video kabla, kipindi kibaki cha mazoezi. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza mwaka 2007 kurekodi masomo kwa ajili ya waliokosa vipindi, kisha wakahamishia maelezo ya darasa zima kwenye video. Kwetu sababu ni nzito zaidi. Kidato cha kwanza wametoka kufundishwa kwa Kiswahili, wanakutana na Kiingereza ghafla. Video wanaweza kuisimamisha na kuirudia, mwalimu hawezi kurudishwa nyuma.

Utaratibu niliouandaa na kuwasambazia ni huu. Video inatazamwa kwenye chumba cha kompyuta, jioni wakati wa maandalio kwa wa bweni na mchana kwa wa kutwa, kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni. Mwanafunzi anaandika daftarini kanuni, mfano mmoja alioukokotoa mwenyewe, na swali lake. Kipindi pacha (viwili mfululizo) kina dakika 80: 10 za maswali hayo, 55 za mazoezi katika makundi ya wanne mwalimu akizunguka, 15 za kusahihisha. Hapo ndipo anayekosea alama ya kutoa mbele ya mabano anaonekana, akiandika −2(x − 3) = −2x − 6, na anarekebishwa palepale kabla kosa halijawa mazoea.

Mnaolalamika kwamba wanafunzi hawatazami, nawajibu hivi: ukirudia somo lote ubaoni kwa sababu nusu hawajatazama, waliotazama wamejifunza kwamba walijisumbua bure, na wiki ijayo nao hawatatazama. Usirudie. Wasiotazama wapeleke kwenye kompyuta watazame wakati wenzao wako kwenye mazoezi, na mazoezi waliyokosa wayamalize kwa muda wao.

Kuhusu kurekodi, video moja ibebe jambo moja na isizidi dakika 8. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 mlivyogawiwa vinatosha: kiegemeze kwenye kitu, kamera ikitazama karatasi kutoka juu, uonekane mkono na kalamu nene. Kwa ubora wa 1080p, dakika 8 hukaribia GB 1. Ipunguze kwa programu ya HandBrake hadi 480p, itabaki kama MB 35. Funga madirisha, maana sauti mbovu humchosha mtazamaji upesi kuliko picha mbovu.

Seti hizo zinatumia programu ya Kolibri, isiyohitaji intaneti wakati wa kutazama. Msichomoe umeme kabla ya kuizima Raspberry Pi, kwani kadi huweza kuharibika. Ikitokea alama ya radi kwenye skrini, umeme hautoshi. Inahitaji volti 5 na ampea 3. Seti iliyotangazwa kwenye kundi letu la WhatsApp kuwa ni mbovu ilikuwa imechomekwa chaji ya simu. Niliirudishia chaji yake, ikawaka. Ningeshukuru kama nalo lingetangazwa.

Sasa ada. Wanachama ni 58, ada Sh 30,000, tulitarajia Sh 1,740,000. Waliolipa ni 23, sawa na Sh 690,000. Deni ni Sh 1,050,000. Seti zimenunuliwa kwa akiba ya miaka iliyopita, na mweka hazina anazo risiti zote. Mkutano wa kujadili ununuzi huu uliahirishwa kwa kukosa akidi, na tulipouitisha tena hamkuja. Inaniumiza kwamba wengi wa wanaohoji leo hawakuwepo wala hawajalipa.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikilipwa, kuongeza seti na kurekodi mada zaidi za kidato cha kwanza. Wenye video tayari wazilete kwa katibu kwenye flashi, zikiwa na jina la mada na kidato.

Mwenyekiti