Malalamiko kuhusu inveta ya volti 120/240 mliyoifunga katika nyumba yenye umeme wa volti 230

Goba, Dar es Salaam.
Machi 2025

Meneja Mkuu
wa kampuni iliyotufungia umeme wa sola,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA INVETA NA LA UKAGUZI WA HARAKA KATIKA NYUMBA ZA WATEJA WENU WENGINE

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Novemba mwaka jana kampuni yenu ilituuzia na kutufungia inveta (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kutumika nyumbani) ya kilowati 6, betri ya volti 48 na paneli za juu ya paa, kwa makubaliano kwamba mtambo huo ungehudumia taa, soketi, friji, feni na pampu ya maji kila umeme wa shirika la TANESCO unapokatika. Nakala za ankara na mkataba nimeziambatanisha. Ninaandika kwa sababu sasa imethibitika kwa vipimo kwamba inveta hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, kwamba mafundi wenu waliifunga kwa kuufanya waya mmoja wenye umeme uwe nyutro (waya wa kurudishia umeme), na kwamba kwa sababu hiyo kila umeme unapokatika, vyuma vyote vilivyoungwa na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ndani ya nyumba yangu hupata umeme.

Dalili zilionekana mapema, na zilijitokeza tu pale TANESCO walipokuwa wamekata. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alipigwa na umeme alipogusa mlango wa friji akiwa peku kwenye sakafu aliyokuwa akiipiga deki. Siku nyingine mke wangu alirushwa mkono alipogusa mashine ya kufulia, ambayo haikuunganishwa na inveta hata kidogo. Feni za dari zilizunguka kwa kasi kuliko kawaida, na betri iliisha usiku wa manane hata tulipozima karibu kila kitu. Tulipowapigia simu, fundi wenu alijibu kwamba tatizo ni unyevu wa sakafu na kwamba tuvae ndala. Kuhusu betri, ofisi yenu ilitushauri tununue ya pili.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo zito zaidi ambalo hatukuelezwa. Katika boksi letu la umeme kulikuwa na kifaa cha RCD cha miliampea 30, kile kinachokata umeme mara unapovuja kuelekea ardhini. Siku ya ufungaji kilikuwa kinaruka, yaani kinakata umeme, kila inveta iliposhika mzigo, na badala ya kutafuta kinachovuja, mafundi wenu walikipita kwa kipande cha waya na kufunika boksi. Kifaa hicho kilikuwa kimesema ukweli tangu dakika ya kwanza. Nimeambatanisha picha ya waya huo, na ningependa muitazame ninyi wenyewe kabla hamjasoma zaidi.

Nilimwita fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aje kupima. Umeme wa TANESCO ulipokuwepo, kati ya nyutro na ethi kulikuwa na volti 2 tu, kama inavyotarajiwa. Tulipozima swichi kuu, ambayo kwetu hukata fezi (waya wenye umeme) tu, na kuiacha nyumba iendeshwe na betri, kati ya nyutro na ethi kulisoma volti 119, kati ya fezi na ethi volti 119, na kati ya fezi na nyutro volti 238. Kwa mita ya kubana waya aliona karibu ampea 4 zikipita kwenye waya unaoshuka kwenda kwenye fimbo ya ethi, yaani chuma kilichochimbiwa ardhini. Hatimaye alichomeka chuma ardhini mwisho wa uwanja, mbali na fimbo yetu, akapima kati ya chuma hicho na bodi ya friji: volti 80. Hizo ndizo zilizompiga yule dada.

Maelezo ya vipimo hivi ni mepesi kwa mtu anayejua umeme wa Marekani unavyofika nyumbani. Kule, transfoma ya mtaani hutoa volti 240 kutoka ncha moja ya koili hadi nyingine, lakini waya wa nyutro hutolewa katikati ya koili hiyo, na kitovu hicho ndicho kinachoungwa na ardhi. Kwa hiyo nyumba hupokea nyaya mbili zenye umeme, L1 na L2, kila moja ikiwa na volti 120 dhidi ya ardhi, pamoja na nyutro. Taa na soketi za kawaida hutumia volti 120, na vitu vizito kama jiko na hita ya maji hupewa volti 240 kwa kuunganishwa kwenye nyaya zote mbili. Kwetu mpangilio ni tofauti kabisa: fezi moja ina volti 230, na upande wa pili ni nyutro ambayo TANESCO wameiunga na ardhi kwenye transfoma, hivyo haipaswi kutofautiana na ethi isipokuwa kwa volti chache. Namba 240 iliyoandikwa ubavuni mwa mashine yenu inafanana sana na 230 yetu, na anayesoma namba peke yake ataona mashine inafaa. Tofauti haiko kwenye namba hiyo. Iko kwenye swali la wapi ardhi imeungwa, na swali hilo inaonekana halikuulizwa na yeyote kuanzia ununuzi hadi ufungaji.

Nyaya fupi zilizokuja na mashine zilikuwa nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Kwa Wamarekani nyeusi na nyekundu zote mbili zina umeme, na nyeupe ndiyo nyutro. Lakini fundi aliyejifunza kazi kwenye nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa rangi za zamani za Uingereza, anajua kwamba nyekundu ni fezi na nyeusi ni nyutro. Ndivyo mafundi wenu walivyofanya: nyekundu kwenye fezi, nyeusi kwenye nyutro, na nyeupe ikazungushiwa utepe na kuachwa. Taa zikawaka, friji likanguruma, kazi ikaonekana imekwisha. Simlaumu sana kijana aliyeshika bisibisi. Aliyechagua kuagiza mashine hiyo na kumkabidhi bila mafunzo ndiye ninayemlaumu.

Hatari yenyewe imo ndani ya mashine. Inveta hii ina rilei (swichi inayojiendesha yenyewe) ambayo, mara inveta inapoanza kutumia betri, huunga kitovu chake cha N, yaani cha nyutro, na ethi, na inapopokea umeme wa nje huachia. Kwa nyumba ya Marekani huo ni ulinzi mzuri, kwa sababu nyutro na ethi zinapaswa kuungana mahali pamoja tu, na umeme wa nje unapotoweka ni lazima mashine yenyewe ishike nafasi hiyo. Kwetu, ulinzi huo umegeuzwa kuwa chanzo cha madhara. Mafundi wenu walihamishia fezi za sakiti kadhaa kwenye inveta lakini nyutro zote wakaziacha kwenye ubao mmoja, pamoja na nyutro ya TANESCO. Hivyo L2 ya inveta imefungwa kwenye nyutro ambayo tayari imeungwa na ardhi kwenye transfoma ya mtaani, wakati N imefungwa na rilei kwenye fimbo ya ethi ya nyumba yangu. Volti 120 zilizopo kati yake hazina njia nyingine ila kupita kwenye udongo, kutoka fimbo yangu hadi transfoma, na mkondo huo ndio uliozipandisha volti kwenye kila chuma kilichoungwa na ethi. Ndiyo sababu mashine ya kufulia isiyohusika na inveta nayo ilipiga.

Ampea 4 kwa volti 119 ni wati zinazokaribia 480. Betri yetu ya kilowati-saa 5 ingeweza kumwagwa yote ardhini ndani ya saa zipatazo 10 bila taa hata moja kuwashwa. Ile betri ya pili mliyotushauri tununue ingelisha udongo.

Kuna pia jambo la swichi na breka. Swichi za taa na breka za sakiti katika nyumba zetu kwa kawaida hukata upande wa fezi tu. Kama ile nyutro ingekatika upande wa TANESCO, kwa nguzo kuanguka au waya kuibiwa, na inveta ikaendelea kufanya kazi, basi nyutro ya nyumba nzima ingebaki na volti 120 dhidi ya ethi hata breka zote zikiwa zimeshushwa, na mtu anayebadilisha balbu akiamini amezima angeshika umeme. Na kwa kuwa mkondo ule unapita pia kwenye waya wa nyutro wa mtaani wakati umeme umekatika, fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaweza kukutana na umeme unaotoka nyumbani kwangu bila yeye kujua. Hilo linaninyima usingizi kuliko gharama yoyote.

Feni zilizokimbia zina maelezo mafupi: inveta iliachwa kwenye hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 60 za Marekani badala ya 50 zetu, na mota za friji na pampu zimekuwa zikisukumwa kupita kasi zilizoundiwa.

Katika mazungumzo ya simu wiki iliyopita mhandisi wenu alipendekeza kuizima ile rilei kwenye mipangilio ya mashine na kuendelea. Nimelitafakari pendekezo hilo kwa makini na ninalikataa. Ni kweli mkondo wa kwenye udongo ungekoma. Lakini mwongozo wa mtengenezaji unataka L1, L2 na N zote ziungwe, na kitovu kilichoandikwa N kingebaki na volti 120 dhidi ya ardhi, kikimsubiri fundi wa kesho atakayeiamini herufi hiyo. Usalama wetu wote ungetegemea waya mmoja wa TANESCO kutokatika. Transfoma ya kutenganisha nyaya za nyumba na za inveta, ambayo upande wake wa pili ungeungwa na ethi ili kupata nyutro halali, ingelitatua tatizo kiufundi, ila siko tayari kubeba uzito, joto na upotevu wa umeme wa mashine ya pili ili mashine ya kwanza msiyopaswa kuniuzia ibaki ukutani.

Kwa hiyo ninadai yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mwiondoe inveta hiyo na kufunga, kwa gharama zenu, inveta ya fezi moja ya volti 230 na hezi 50, yenye uwezo usiopungua uleule. Sakiti zinazohudumiwa na inveta zipewe ubao wake wa nyutro, na nyutro hiyo iungwe na ethi mahali pamoja tu mtambo unapotumia betri. RCD mpya ifungwe na ijaribiwe mbele yangu, umeme wa TANESCO ukiwepo na ukiwa umezimwa, kisha vipimo viandikwe na kusainiwa na fundi mwenye leseni. Fimbo ya ethi mliyoichimbia paneli za paa peke yake iunganishwe na fimbo ya nyumba. Vilevile mnirudishie gharama ya fundi aliyepima, ambayo risiti yake nimeiambatanisha. Hadi hapo mtambo umezimwa, na tunarudi kwenye taa za kuchaji kila umeme unapokatika.

Lakini dai ninalolitanguliza mbele ya hayo yote ni la wateja wengine. Muuzaji wenu aliniambia kwa fahari kwamba aina hii ya inveta ndiyo iliyouzwa zaidi dukani kwenu. Katika kila nyumba ilikofungwa kwa njia hii kuna friji, kuna sakafu yenye maji, na huenda kuna watoto. Ninaomba muwapigie simu wote wiki hii, muwaambie wazime mtambo hadi utakapokaguliwa, na munipe uthibitisho wa maandishi kwamba mmefanya hivyo. Msipofanya hivyo ndani ya siku 7, nitawasilisha vipimo na picha hizi EWURA, ambao ndio wanaotoa leseni kwa wafungaji wa umeme, na pia Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nipo nyumbani kila jioni baada ya saa 11, na mhandisi wenu anakaribishwa kuja na mita yake mwenyewe kupima tena.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Goba

Viambatanisho: ankara, mkataba, picha za boksi la umeme, taarifa ya vipimo na risiti ya fundi.