Barua ya Malalamiko: Kompyuta ya Mbizi Inayoonyesha Hewa Ambayo Haipo

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KOMPYUTA YA MBIZI KUONYESHA PRESHA ILIYOPITWA NA WAKATI BILA KUTOA ONYO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni mara ya nne nawaandikia. Mara zote tatu zilizopita, pamoja na mengine, nimejibiwa yale yale: badilisha betri, unganisha upya, jaribu tena. Betri nimebadilisha. Kuunganisha nimeunganisha mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Kwa hiyo naomba barua hii asipewe mtu wa kunakili majibu, apewe fundi.

Siku ilipotokea tulikuwa mita 18. Kompyuta nimeifunga mkono wa kushoto, na transmita, kile kifaa kinachopima presha ya mtungi na kuituma kwenye kompyuta bila waya, ipo kwenye tundu la presha kubwa la rigyuleta (kifaa kinachonipitishia hewa ya mtungi hadi mdomoni), kulia kwa kichwa changu. Nilishuka na presha ya bar 200 kwenye mtungi wa lita 12. Dakika ya 14 kioo cha kompyuta kikasoma 140, nikaridhika. Nikaangalia tena baadaye: 140. Tena: 140. Hata nikajisifu moyoni kwamba leo napumua kama samaki. Mwenzangu ndiye aliyenizindua. Aliniuliza kwa ishara nimebakiwa na kiasi gani, nikamwonyesha, akakunja uso ndani ya miwani, maana yeye ana 95 na siku zote mimi ndiye ninayemaliza hewa mapema. Nikavuta geji yangu ya mshale kutoka ilikobanwa kiunoni. Ilikuwa chini kidogo ya 90. Dakika zilikuwa zimepita 11.

Hesabu yake si ngumu. Mita 18 chini mwili unabeba presha ya bar 2.8. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kule chini anatumia lita 56, na kwa mtungi wa lita 12 hiyo ni karibu bar 5 kila dakika. Dakika 11 za namba iliyoganda ni zaidi ya bar 50, yaani akiba yote ambayo sisi wapiga mbizi tunafundishwa kurudi nayo juu. Geji ya mshale ningeiacha nyumbani, kama tangazo lenu linavyonishawishi, sijui leo barua hii angeiandika nani.

Sasa nieleweke vizuri. Silalamiki kwamba mawimbi ya redio kati ya transmita na kompyuta yalikatika. Maji ya bahari yanameza mawimbi ya Bluetooth ndani ya sentimita chache, ndiyo maana transmita hutumia masafa ya chini sana, ya makumi ya kilohetsi, nayo hayafiki mbali zaidi ya mita moja na kitu. Ukipeleka mkono nyuma ya mgongo, flashi ya kamera ikiwaka karibu, mota ya skuta ya chini ya maji ikinguruma, usomaji mmoja au miwili inaweza kupotea. Hilo nalijua na nalikubali. Nilichokikataa ni kioo kukaa na namba ya zamani, kwa herufi zile zile kubwa, rangi ile ile, bila mlio, bila kumwambia mtu kwamba hiyo ni habari ya dakika 11 zilizopita. Kitabu chenu cha maelekezo kinasema mawimbi yakikosekana kwa sekunde 45 namba itafutika na mahali pake patokee vistari. Vistari hivyo sijawahi kuviona.

Katika jibu lenu la pili mlisema huenda tofauti ilitokana na baridi ya maji. Samahani, lakini hapo mlinikasirisha. Ni kweli mtungi wenye bar 200 ukipoa nyuzi 10 unashuka karibu bar 7. Lakini geji na transmita vinasoma mtungi mmoja, kupitia rigyuleta moja. Baridi itashushaje kimoja na kukiacha kingine kimesimama? Tena tofauti yangu ilikuwa 50.

Muuzaji naye, mliponielekeza kwake, aliuliza kama nabebea rigyuleta kwa kushika transmita. Sijawahi. Naifunga kwa spana kwenye nati yake, oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, naipaka silikoni kidogo, na baada ya kila mbizi transmita naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kisha akaniambia niwaandikie ninyi. Nimekuwa mpira wa danadana kati yenu.

Basi nikakaa nikapima mwenyewe, nchi kavu, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Betri mpya ya transmita ilitoa volti 3.1 kwenye kipima volti. Kamera na simu nikaziweka mbali. Kompyuta nikaihamishia mkono wa kulia, upande uleule wa transmita. Nikafungua mtungi, geji na kioo vikasoma sawasawa, 182. Nikaanza kubonyeza kitufe cha rigyuleta nitoe hewa taratibu. Mshale ukawa unashuka, 170, 160, 150. Kioo kikabaki 182. Hapo nikaigonga transmita kwa ukucha, mara moja tu, na kioo kikaruka mpaka 150. Nikatoa hewa tena, kikaganda tena, nikagonga, kikaamka. Nilipofungua kifuniko cha betri niliona springi imelala upande mmoja na kwenye ncha yake pana doa jeusi dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Oringi ya kifuniko ilikuwa kavu na safi, hakuna dalili ya maji kuingia. Picha tatu nimeambatanisha.

Mngeishia hapo mngesema transmita mbovu, tumpe nyingine, tumalizane. Na kweli, katika jibu la tatu mliahidi kunitumia mpya “ili suala lifungwe”. Lakini nilifanya jaribio moja zaidi. Niliazima transmita ya mwenzangu, ya aina hii hii, nzima kabisa, nikaiunganisha na kompyuta yangu. Ilisoma vizuri. Kisha nikaiacha kwenye mtungi nikabeba kompyuta hadi chumba cha mwisho cha nyumba, ambako mawimbi hayawezi kufika. Nikakaa na saa mkononi. Sekunde 45 zikapita. Dakika mbili. Dakika sita. Namba ilikuwa palepale, na ile hesabu ya dakika za hewa zilizobaki, ambayo ndiyo mnayoisifia kuliko vyote, iliendelea kunionyesha dakika 41 kwa utulivu kabisa. Nilirudia mara tatu.

Kwa hiyo hapa kuna matatizo mawili, na mnalolishughulikia ni lile dogo. Springi ya transmita inakata mawimbi. Programu ya kompyuta inaficha kwamba yamekatika. Mkinipa transmita mpya mawimbi yatakatika mara chache, nami nitazidi kuiamini kompyuta ambayo siku yakikatika haitaniambia. Sasa hivi, angalau, siiamini.

Ninachoomba ni hiki. Transmita ibadilishwe chini ya dhamana, ambayo bado ina miezi saba. Fundi wenu arudie jaribio la kuipeleka kompyuta mbali na transmita, hahitaji hata kulowa, kisha aniandikie alichokiona. Iwapo ataona nilichokiona, programu irekebishwe, na wateja wote wenye kompyuta hii wajulishwe sasa, kabla ya marekebisho kuwa tayari, kwamba wasishuke nayo bila geji ya mshale. Hili la mwisho sitalipunguza. Wako wapiga mbizi wanaoitegemea kompyuta hii peke yake kwa sababu ninyi mmewaambia inatosha.

Msipoweza kurekebisha, nirudishieni fedha yangu yote, ya kompyuta na ya transmita, kwani moja bila nyingine hainifai kitu. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka kwa mamlaka inayolinda haki za walaji, pamoja na majibu yenu matatu.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za springi, video ya jaribio la kuigonga transmita, na karatasi niliyoandika presha ya geji na ya kioo kila dakika. Kompyuta na transmita ninavyo, nitavituma fundi akivihitaji, ila nataka kwanza nijue jina la atakayevipokea.

Mteja wenu,

(Sahihi)