Mume wangu anasema ni maradhi, na mamake kamkubalia

Shangazi, assalamu alaikum. Alfajiri bado, na usingizi sikuupata. Mie si mwanamke wa kutoa nje mambo ya nyumba yangu, ila safari hii nimechoka.

Sisi wa Pemba karafuu unatujua nazo. Nimechuma, nimechambua mpaka vidole vimepasuka, nikaanika kwenye majamvi, nikenda skuli kumfuata mtoto. Mvua ikashuka. Mume wangu yuko barazani anacheza bao, majamvi yako mbele ya macho yake, hakuinuka. Zimegeuka nyeupe, zimeshushwa daraja. Lakini si karafuu zinazoniuma.

Kinachoniuma ni hayo maradhi. Mpwa wake anayesoma Unguja kamwambia kwamba Marekani, 1999, wataalamu wawili wa Harvard walichapisha utafiti: watu walioneshwa video ya wachezaji wakipasiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi. Katikati akapita mtu kavaa vazi la sokwe, akajipiga kifua, na kiasi cha nusu yao hawakumuona. Basi mume wangu sasa ana "upofu wa umakini". Nikimuuliza mvua hakuiona vipi, ananijibu mgonjwa hasutwi. Mavyaa anampikia uji kila asubuhi. Wenzake wa bao wanampa pole. Mie hakuna aliyeniuliza hata hivi vidole.

Wale waliambiwa wahesabu, Shangazi! Na wala hakuna aliyewaita wagonjwa. Huyu nani kamtuma? Idi nilivaa dera jipya, hakuliona. Nililala na homa, akaniuliza chai iko wapi. Lakini mwenzake akimwita kutoka njia kuu, anamsikia yuko chooni.

Simsemi vibaya, ni baba mzuri, na mtu asidhani namchukia. Mara nyengine nataka kurudi kwetu Micheweni nikakae huko mpaka anitafute, kisha nawaza, nikiondoka ataona kweli? Ndiyo nikabaki. Na kuachwa sitaki, usinishauri hilo.

Nambie tu, mtu mzima akishajipa maradhi, anaambiwaje kwamba hana, bila ya kumgusa mamake? Maana nikisema mwanawe mzima, mavyaa ananinunia na wifi zangu wanamfuata. Uji ule mchele nanunua mie.

Nijibu mapema, tafadhali. Kuna karafuu nyengine za kuanika wiki hii na sina wa kumwachia.

Msomaji wako, Pemba